Shajara ya Mjapani: Escudo ya theluji inajifunza matope ya Elgon

8 Februari

Basi nimeinunua. Wale wote waliosema ni mdomo tu waje waione imesimama hapa nje ya ploti, Suzuki Escudo ya 2000, injini lita mbili petroli, gia ya mkono, kijani iliyochoka, kilomita sijui ni ngapi kwa sababu mita inasema elfu tisini na mimi si mtoto. Laki nne na kumi, baada ya kubembelezana na mzee mmoja wa Lanet wiki mbili nzima. Mama ameizunguka mara moja akauliza kama milango yote inafunguka.

Sababu ya mradi si kujishaua. Kwa kina mama ni Elgon, juu ya Kapsokwony, unapita mashamba ya vitunguu na viazi mpaka unaanza kuona mianzi. Mwaka jana Mei nyanya, mama yake mama, aliugua mvua ikiwa imekolea, hakuna gari ilifika, ata pikipiki zilikuwa zinasukumwa, ikabidi vijana wanne wamfunge kwa machela ya mianzi wambebe hadi barabara kubwa. Alipona, na saa hii anasimulia akicheka, lakini mimi hiyo stori ilinipata Nakuru nimekalia kiti, na kagari kangu ka wakati huo kalikuwa kanalia kakipanda tu hapa London estate.

Kwa hivyo lengo ni moja. Mei hii, katikati ya mvua, niendeshe hadi mlangoni kwa nyanya alafu nirudi. Kurudi ndio kazi.

Watu wananiambia si ungengoja upate Prado. Ningoje na pesa ya nani? Hii ina chasi ya ngazi kama lori, eksoli ya nyuma ni kipande kimoja kigumu, na iko na lo, ile gia ya kobe ya kupanda pole pole injini ikizunguka vizuri. RAV4 za mtaani ni gari nzuri kwa murram lakini hiyo lo hazina, na mahali naenda lo ndio mzee wa kijiji.

15 Februari

Kwa kijisanduku cha mbele nimepata karatasi ya mnada wa Japani, fotokopi ya fotokopi, na pale kwa mchoro wa gari wamejaza herufi S na C upande wote wa chini. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. Juu kwa kona imeandikwa Sapporo. Yaani huyu Mjapani alikulia Hokkaido, kule theluji inakaa miezi na barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke.

Hapo ndio nikaelewa kitu. Theluji yenyewe haiui gari. Chumvi ndio inaua, inaingia kwa yale matundu ya chasi ikajificha humo na unyevu, inatafuna kutoka ndani miaka na miaka huku nje rangi inang'aa. Mzee wa Lanet hakunidanganya, hata yeye hakujua, nani huku kwetu anaangalia gari kwa ndani ya chasi?

Nimeingia chini na nyundo ndogo. Unagonga ukisikiliza tu. Mbele, ting. Katikati, ting, ting. Nikafika juu ya eksoli ya nyuma upande wa kushoto, pale chasi inapinda, ikasema dof. Nikagonga tena, dof, na maganda yakaniangukia usoni kama makoko ya ugali uliochomeka. Nikachokoa na bisibisi ikaingia yote hadi kwa mpini. Nikalala hapo chini dakika kadhaa nikiangalia hiyo bisibisi inaning'inia.

1 Machi

Kazi ya chasi imekwisha. Fundi wa kwanza alitaka kubandika bati juu ya kutu apige rangi, elfu nne, jioni nachukua gari. Nikakataa. Chuma kizima hakishikani na chuma kilichooza, na ukifunika ile kutu inaendelea na karamu yake gizani. Wa pili alikubali kukata hadi chuma kizuri kionekane, akaweka sahani ya milimita tatu, akaacha mashimo ya kumwaga maji mahali pale pale yalipokuwa. Tanki ya mafuta tulishusha kwanza, betri tukatoa waya. Elfu kumi na nane. Ndani nimepulizia grisi iliyoyeyushwa na oili, inanuka lakini maji hayakai.

Sasa tairi. Hizi zilizokuja nayo ni eks-Japani, zina meno marefu bado, kila mtu anasifu. Nikazisafisha ubavuni nikaona mchoro wa mlima wa vilele vitatu na ua la theluji katikati. Tairi za baridi kali! Mpira wake ni laini makusudi ili usigeuke jiwe kwenye baridi, na kila jino limekatwakatwa vistari vyembamba vya kuuma barafu. Japani walizuia tairi za misumari kwa sheria ya 1990 kwa sababu ya vumbi la lami iliyokuwa inakwaruzwa, ndio makampuni yakakazana na hizi za mpira laini. Kule ni dawa. Hapa, saa saba mchana kwa lami ya Nakuru, ukikata kona unazisikia zinayeyuka kama chingamu, breki ya ghafla gari inaogelea. Alafu zile namba nne za mwisho zinasoma 0914, wiki ya 9 ya 2014, hizo si tairi tena ni urithi. Nimeweka nne za ol-tereni, zile za lami na matope, si mpya lakini za juzijuzi.

Kwa buti, chini ya kapeti, nimepata mfuko wenye maandishi ya Kijapani na picha ya gari kwenye theluji. Minyororo ya tairi. Imeshika kutu kidogo lakini mizima, na nimeijaribu kwa hizi tairi inatosha kwa kubana. Sitoi hiyo kitu humu ndani.

9 Machi

Fupi tu. Asubuhi ikiwaka inapiga krrr sekunde mbili tatu alafu inanyamaza. Ni cheni ya injini, kitu cha kuikaza kinategemea presha ya oili, na yule mzee wa Lanet alikuwa anaweka oili ya 20W-50 kama sisi wote. Ile W ni ya winta, namba iliyo mbele yake inakuambia oili inatiririka vipi kukiwa baridi, ikiwa ndogo ndio inakimbia haraka. Nimeweka 5W-30 kama kitabu kinavyosema. Kelele imebaki sekunde moja. Kwa rejeta kulikuwa na maji ya mfereji rangi ya kakao, nimeosha mara tatu nikajaza kulanti, ile dawa ya kupoza injini, na kifuniko kipya, maana kule juu maji matupu yanachemka kabla ya kufika digrii mia, kwa mita 3,000 ni kama 90 hivi, presha ya kifuniko na kulanti ndio vinakuokoa.

22 Machi

Leo nimekasirika wacha niandike.

Fowili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, haishiki. Unavuta lever kwa 4H, yaani fowili ya mwendo wa kawaida bila lo, taa ya dashibodi inawaka na kuzima, wink wink wink, haitulii. Kwenye matope ya nyuma ya Menengai tairi za nyuma zikazunguka peke yake, za mbele zimekaa tu kama wageni. Nikapeleka kwa fundi anayesifika kwa fowili, sitamtaja, akasikiliza dakika mbili akasema difu ya mbele, ile ya kugawia magurudumu nguvu, imekufa, leta elfu arubaini na tano niitafute nyingine. Nikamwachia elfu ishirini za kuanzia. Difu nyingine ikaja, ikafungwa. Wink wink wink. Akasema basi ni gia boksi ya fowili. Nikamwambia asante, nikaondoka na gari yangu. Zile elfu ishirini hazijarudi na simu yangu haishikwi.

6 Aprili

Ilikuwa HOSI.

Ngoja nieleze vizuri kwa sababu kuna mtu mwingine na Escudo kama hii ataibiwa. Hizi za miaka hii mbele hakuna kufunga habu kwa mkono. Ukivuta lever kuna kipampu kidogo cha umeme kinasukuma hewa kwa hosi nyembamba ya mpira hadi kwa difu ya mbele, hewa inasukuma kitu ndani kinachounganisha shafti, ikishashika ndio taa inatulia. Hewa isipofika difu inabaki imelala ata kama ni mpya ya kutoka kiwandani.

Binamu yangu anatengeneza baiskeli Free Area, gari hajui lakini hewa anaijua. Tukainua mbele kwa jeki, nikavuta 4H, yeye akalala chini. Akasema nasikia kitu kinapumua kama mtu ana mafua. Tukafuata sauti, hosi imepasuka pale inapokunja karibu na difu, mpira umekauka, ukiukunja unaona nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba. Akachomoa, akashika pampu ya baiskeli, akafunga na kitambaa kwa ule mdomo wa difu, akasukuma kidogo, kidogo tena, na tukasikia TAK. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, propela shafti ikazunguka nayo. Tulipiga kelele hadi jirani akatoka.

Mita moja na nusu ya hosi, shilingi mia mbili na hamsini, na klipu mbili. Mpira hauchagui, wa Hokkaido ama wa Nakuru, miaka ishirini na tano ni miaka ishirini na tano. Jioni hiyo nikakagua kila mpira ulio kwa gari, hosi za breki, za rejeta, buti za shafti za mbele, nikabadilisha saba. Watu wananiuliza utainua gari lini uweke bampa ya chuma na taa kumi juu. Sina haraka na hiyo.

13 Aprili

Nimefungua oili ya difu ya nyuma nikitarajia nyeusi. Imetoka kama chai ya maziwa, na povu juu. Maji. Difu ikikimbia barabarani inapata joto, hewa ndani inatanuka na kutoka kwa katundu kake ka kupumulia, alafu ukiingia mtoni inapoa ghafla inavuta, na kama katundu kako chini ya maji itavuta maji, hakuna siri. Nimeosha, nimejaza mpya, nimeweka hosi (ndio, hosi tena) kutoka kwa kale katundu hadi juu karibu na mdomo wa tanki.

20 Aprili, majaribio upande wa Mau Narok. Tulipanda, tulishuka, hatukuharibu kitu. Nimeona tu kwamba difu zake zote mbili ni za kawaida, hazina loki ya kulazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, kwa hivyo mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma ikiwa hewani unasimama hapo na fowili yako. Kuvuta hendibreki kidogo ukiwa kwa lo kunasaidia ule mguu wa nyuma uliokaa chini upate nguvu. Kidogo tu, usiwe shujaa.

3 Mei

Safari. Tumetoka saa kumi na moja asubuhi mimi na binamu, unga kilo ishirini, sukari, blanketi, majembe mawili, kamba, na ile minyororo.

Tulipofika kama Timboroa mbingu ikafunga. Pale ni juu sana, reli yenyewe inapita zaidi ya mita 2,700, ni mahali unavaa sweta Januari. Ikaanza mvua ya mawe, si ile ya kucheza, ilipiga bati la gari tukawa hatusikizani, na kwa dakika kumi barabara ikawa nyeupe pii. Mnakumbuka ile ya 2008 karibu na Nyahururu watu wakafikiri ni theluji wakabeba kwa ndoo? Hii ilikuwa ndogo ya hiyo.

Nikapunguza hadi ishirini, gia ya pili, nikaweka 4H kwa sababu chini kulikuwa kunateleza, kwa lami kavu huweki maana hii haina difu ya katikati na shafti zinavutana ukikata kona. Nyuma yetu ikaja gari kubwa ya bei ya nyumba, fowili ya kisasa, ikatupita kwa mlio. Sijui alikuwa anawahi nini. Kwa mteremko taa za breki zikawaka, na gari ikaendelea tu, taratibu, imenyooka, kama sahani kwa meza yenye maji, ikaingia mtaro. Hakuna aliyeumia, alitoka akiangalia tairi zake kama zimemsaliti. Fowili inakusukuma kwa miguu minne, lakini breki kila gari inafunga miguu minne, ata Probox. Kwa kusimama yeye na Probox ni sawa, tena yeye ni mzito zaidi. Binamu akasema, "Kumbe tairi zetu za theluji ungeziacha leo." Kweli, siku moja kwa mwaka zingefaa, na nilikuwa nimeziuza kwa mtu wa mkokoteni.

Tumelala Kimilili.

4 Mei

Usiku mzima imenyesha. Kutoka Kapsokwony kupanda juu ni udongo mwekundu, ukikauka ni saruji, ukilowa ni sabuni. Tukapita Land Rover moja ya zamani ya kubeba watu, imejaa hadi juu, driva akatuangalia, akaangalia gari, akasema "Endeni pole pole, mbele kuna kona moja haitaki mchezo."

Tairi nilitoa upepo hadi ishirini na mbili. Lo, gia ya pili, bila kubadilisha njiani, kwa sababu ukikanyaga klachi katikati ya mlima umepoteza mwendo na hauupati tena. Nguvu pia inapungua ukipanda, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia kumi kila mita 1,000, unakanyaga mafuta na gari inakujibu kama mtu umemwamsha.

Ile kona tuliijua tulipoiona. Mteremko wa upande wa kulia, mfereji, na matairi ya trekta yamechimba njia mbili zenye kina kuliko nafasi iliyo chini ya gari yetu. Jaribio la kwanza tulienda mita kumi tukakalia tumbo. Tukachimba. La pili nyuma ikaanza kuelekea mfereji pole pole, ile hisia kama mtu amekushika kiuno anakuvuta, nikaacha mafuta tukasimama. Binamu akashuka bila kusema kitu akatoa mfuko wa Kijapani.

Minyororo tuliweka nyuma. Tuna pea moja tu, na mbele ingegonga hosi za breki ukikata usukani, alafu kupanda uzito unaenda nyuma. Ilichukua dakika arubaini, vidole vimekufa ganzi, watoto wa shule wakawa mafundi wasaidizi kila mmoja na maoni yake. Mmoja akauliza kama gari imefungwa. Nikawasha, lo, gia ya kwanza, na ile kitu ikashika. Haikurusha matope, haikuzunguka bure, ilitafuna tu, krak krak krak krak, kama ng'ombe anakula mahindi makavu, tukapita kona watoto wakikimbia kando wakishangilia kuliko sisi.

Saa tisa na nusu tukafika kwa mjomba. Simu ilionyesha mita 2,870. Mjomba alitoka na panga mkononi, alikuwa anakata mianzi, akaangalia tairi, akaangalia sisi, akasema, "Mmekuja na gari ama mmekuja na pingu?" Nyanya alikuwa ndani karibu na moto. Nilimwambia nyanya nimekuletea gari hadi mlangoni. Akasema gari ameisikia tangu saa nane, ilikuwa inalia sana.

5 Mei

Asubuhi nyasi ni nyeupe na kioo cha mbele kina barafu, nyembamba, inakwaruzika na kadi ya simu. Maji niliyoacha kwa beseni yameshika ngozi juu. Hapa ndio nilikuwa nangoja kuona. Betri ikiwa baridi inapoteza nguvu na wakati huohuo oili inakuwa nzito, yaani unaitaka kazi zaidi siku ambayo ina uwezo kidogo. Nikageuza ufunguo, ikazunguka mara tatu polepole, ikawaka. Krrr ya sekunde mbili. Nikaiacha ipate joto, kulanti haikuwa imeganda, heta ikaanza kutoa hewa ya moto hadi kwa miguu. Ile heta ni ya Hokkaido haswa, ndani ya dakika kumi mjomba alikuwa ameketi ndani anakunywa chai yake humo, amefunga milango.

Nyanya tumeshuka naye, ana kliniki ya macho Kitale. Kushuka ni lo, gia ya kwanza, miguu mbali na breki, injini ndio inashikilia, kwa sababu kwa sabuni kama ile ukifunga breki tairi zinalala na usukani unakuwa pambo. Mwendo wa mtu anayetembea. Nyanya alikaa mbele amejifunga blanketi mbili, ameshika mkono wa mlango, kimya nusu saa nzima, nikajua anaogopa. Tulipofika ile kona nikamwambia usiwe na wasiwasi nyanya. Akasema, "Siogopi. Nashangaa tu mbona inatembea kama mgonjwa. Wale vijana wa machela walikuwa wanakimbia."

11 Mei

Nimeosha chini, kwa mashimo ya chasi pekee nimetoa karai mbili za udongo mwekundu. Weldi imekaa, hakuna ufa. Oili ya difu ya nyuma nimefungua kidogo kwa chupa, imetoka rangi ya asali, safi. Hosi ya hewa haijatikisika, taa ya fowili inawaka inatulia. Mnyororo mmoja umekatika kiungo, nitaurudisha kwa fundi wa kuchomelea. Hendibreki imelegea, hiyo najua ni mimi.

Kilichobaki ni mlio upande wa mbele kushoto, huuuu, unaanza kwa hamsini, ukikata kona ya kulia unaongezeka. Beringi ya gurudumu, karibu nina uhakika, iliingiza maji kule. Nitaifungua Jumamosi. Nyanya amepiga simu kupitia kwa mjomba, miwani amepata, kliniki ya pili ni Juni, na anauliza kama kile kiti cha mbele hakiwezi kuwekewa mto.